Ng'ombe Walishaondoka Usangu, Maji Yako Wapi?

Makamanda, leo siandiki kuhusu katiba wala tume ya uchaguzi. Naandika kuhusu maji, maana nayo ni siasa.

Mto Ruaha Mkuu unakusanya maji kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, unashuka bonde la Usangu, unaingia ardhi oevu ya Ihefu, kisha unatokea Ng'iriama kwa kupita juu ya kizingiti cha mwamba. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya mwamba ule, mto unakatika. Viboko wa Hifadhi ya Ruaha wanabanana kwenye madimbwi, na Mtera kunakotegemewa kwa umeme hakupati kitu kutoka huko.

Hali hii ilianza miaka ya 1990. Mwaka 2001 Frederick Sumaye, akiwa Waziri Mkuu, aliahidi kwamba kufikia 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa kwa nguvu. Mwaka 2008 Usangu ikaingizwa ndani ya hifadhi. 2010 ikafika, ikapita, na kiangazi mto ukaendelea kukauka.

Sasa nauliza: kama shida ilikuwa ng'ombe tu, mbona maji hayakurudi?

Jibu liko kwenye mabanio. Maji yanachepushwa kwenda mashamba ya mpunga, makubwa kwa madogo. Hata mpunga ukishavunwa mifereji inaachwa wazi, maji yanasambaa shambani na kuishia juani. Lakini kumfukuza mwananchi wa Mbarali ni rahisi kuliko kumwambia mwenye shamba kubwa afunge banio. Matokeo tumeyaona: mwaka 2024 Benki ya Dunia ilisitisha fedha za mradi wa REGROW, kisha mradi ukafutwa, baada ya malalamiko ya haki za binadamu. Uhifadhi wa bunduki umetukosesha vyote viwili, maji na fedha.

Na sisi tujisemee ukweli. Tukipanda jukwaani Mbarali tusiwadanganye watu eti uhifadhi ni njama ya watawala. Vyanzo vikifa, mkulima mdogo ndo wa kwanza kulala njaa. Ihefu lazima ilindwe. Tunachobishania ni nani abebe mzigo.

Sheria ya maji ya 2009 iko wazi: kwanza matumizi ya nyumbani, pili mazingira, halafu ndo kilimo na mengine. Itekelezwe. Kiangazi mabanio yapimwe na kufungwa, tukianza na wakubwa. Vibali vya maji vibandikwe ofisi za vijiji, kila mtu ajue nani anachota kiasi gani. Mipaka ichorwe wananchi wakiwepo, na anayelazimika kuhama alipwe kabla hajang'oa hata nguzo moja.

Hiyo ndiyo ajenda ya kupeleka Mbarali. Tusiwaachie watawala peke yao habari ya kutunza mto. Wameshindwa kwa zaidi ya miaka ishirini.