Miaka ya Ubingwa wa Meno na Nafasi za Kazi

Kijana wa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, aliyemaliza kidato cha sita na mwenye nia ya kutibu meno, ana njia mbili mbele yake. Ya kwanza ni stashahada ya afisa wa afya ya meno, miaka 3. Ya pili ni shahada ya udaktari wa meno, miaka 5, na mwaka 1 wa kazi hospitalini chini ya uangalizi. Akitaka kuwa bingwa wa kunyoosha meno, ataongeza miaka 3 hivi. Jumla inakuwa 9, bila kuhesabu miaka ya kutafuta karo. Wengi hudhani kuwa aliyesoma muda mrefu zaidi ndiye apataye kazi upesi zaidi. Sisi tunaona kwamba dhana hiyo yafaa kupimwa upya.

Tutazame kwanza ng'ambo. Nchini Marekani mafunzo ya ubingwa huu hayaruhusiwi kupungua miezi 24, na vyuo vingine huyafikisha miezi 36. Hata hivyo wote wawili, wa muda mfupi na wa muda mrefu, hutoka wakiwa mabingwa, na mgonjwa aingiapo kliniki haulizi miezi. Uingereza mambo ni mengine. Huko miaka 3 humfanya daktari kuwa bingwa, lakini atakaye kuwa daktari mshauri hospitalini huongeza miaka 2 hivi, kwa kuwa cheo hicho kipo na kina kiti chake. Kumbe miaka ya ziada huleta kazi pale tu ambapo kuna nafasi iliyokwisha kutengwa.

Je, hapa Uganda? Ikama ya serikali inamtambua afisa wa afya ya meno katika kituo cha afya cha daraja la nne, na daktari wa meno katika hospitali. Wateja wa mnyoosha meno wako zaidi Kampala, katika kliniki za binafsi, kwa wenye uwezo wa kulipa. Tena kazi yenyewe yataka mgonjwa aliye karibu: vyuma huvaliwa miezi 18 hadi 24, pengine zaidi, na kila baada ya wiki 4 hadi 8 hurudi kurekebishwa. Kutoka Mbarara hadi Kampala ni kilomita 270 hivi. Mzazi wa Juru atalipa nauli hiyo mara ngapi?

Hatusemi kuwa ubingwa huu ni anasa ya matajiri. Mtoto aliyezaliwa na kaakaa lililopasuka humhitaji bingwa huyo pamoja na mpasuaji, na miaka ya utaalamu wake haipotei bure. Lakini kwa ajili ya watoto hao yafaa nafasi itengwe kwanza katika hospitali ya rufaa ya Mbarara, ndipo daktari apelekwe masomoni. Kumsomesha kwanza na kumtafutia kiti baadaye ni kumfungulia njia ya kwenda Kampala, au mbali zaidi.

Kwa mkimbizi kuna jambo jingine. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu kufanya kazi. Lakini daktari wa meno aliyesomea Kongo au Burundi hana budi elimu yake ilinganishwe, kisha asajiliwe na baraza la madaktari. Na wako waliokimbia bila karatasi hata moja. Kwa vijana, mpango wa DAFI, ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, hulipia shahada ya kwanza. Miaka ya ubingwa imo nje ya msaada huo.

Kijana wa Juru akituuliza leo, tutamshauri asiidharau stashahada ya miaka 3. Mwenye jino lililooza haombi meno yanyooshwe; ataka alale usiku huo.