Saa za Fundi na Saa za Mbao

Kila mwaka ukurasa huu wa kazi na biashara hupata swali moja linaloulizwa na wengi, na safari hii limetoka kwa vijana wetu wenye karakana: wanunue programu gani ya kupanga kazi na kuhesabu saa? Mimi ni mtunza hesabu wa karakana ya kaka yangu huko Scarborough, tuko watu wanne, basi nitasema tuliyoyaona.

Kazi ya mbao ina saa za aina mbili, na muuza programu mara nyingi azijua za aina moja tu. Ziko saa za mikono: kupima, kukata, kuunga, nakshi, msasa, vanishi. Tena ziko saa za mbao yenyewe. Gundi hukauka kwa wakati wake. Mbao iliyotoka ghala la baridi mwezi wa Januari yataka siku kadhaa ndani, izoee hewa kavu ya nyumba zenye joto za Toronto, la sivyo mlango utapinda ukiwa kwa mteja na simu italia kwako. Ukiiacha saa ya programu itembee huku gundi inakauka, hesabu yote ni uongo.

Kwa hiyo tulichukua vitu viwili. Trello, iliyoanza mwaka 2011, ni ubao wa kadi: kila kabati lina kadi yake, nayo huhamishwa safu hadi safu kadiri kazi inavyosogea. Viwanda vya Toyota vilikuwa na desturi ya kadi za karatasi miaka mingi kabla ya hapo. Sisi tukaongeza safu iitwayo "Inangoja". Lakini Trello yenyewe haihesabu saa, ndipo tukaweka Toggl Track, ya watu wa Estonia, katika simu kuukuu iliyotundikwa kando ya meza ya randa. Ziko nyingine kubwa zenye kila kitu, bei kwa kila mtu kwa kila mwezi, na nusu ya vitu hivyo vyafaa ofisi ya mawakili. Ulizeni kwanza kama mtu mwenye vumbi mikononi aweza kuianzisha kwa kuigusa mara moja, na kama siku mkiiacha mtaondoka na hesabu zenu.

Mashine haikuwa shida. Mjomba, aliyejifunza patasi Unguja, alisema: "Mwanangu, mimi si mlinzi wa getini nipigiwe saa." Akaendelea na daftari lake. Kijana akanakili "2 mpaka 6" kama ilivyo, na kompyuta ikatangaza kuwa Mjomba huchonga usiku wa manane!

Sheria ya Ontario yataka saa za mwajiriwa ziandikwe na kutunzwa miaka 3, na kwa kawaida zinazozidi 44 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Tangu 2022, waajiri wenye watu 25 au zaidi lazima pia waandike jinsi wanavyowachunguza wafanyakazi kwa mitambo. Sisi hatufikii idadi hiyo, lakini tuliandika yetu: inayopigiwa saa ni kazi, si mtu, na karatasi ya wiki Mjomba huisoma kwanza. Hapo akakubali.

Na ilikuwa lazima akubali, maana mpwa wangu alikuwa amekwisha kuamua kuwa nakshi ndiyo inayotutia hasara, iachwe. Jiko moja tulilolipia bei ya saa 60 lilikula saa 83. Utepe wote wa nakshi ulikuwa saa 9. Msasa na vanishi 27. Droo zilizorudiwa, baada ya mteja kubadili vishikio, 11. Bei ya vanishi ikapanda, mabadiliko ya mteja sasa yana malipo yake, nakshi ikabaki. Mjomba aliisoma karatasi ile mpaka mwisho, kisha akauliza saa za chai za kijana zimeandikwa wapi.

Mwenye kutaka kuona ubao wetu na aje Jumamosi, saa nane mchana, mashine zikiwa zimezimwa.