Sehemu ya mtoto itengwe kabla gunia halijashonwa

Utafiti wa afya na idadi ya watu uliofanyika nchini mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka 5 wamedumaa. Kinachoshangaza zaidi ni mikoa iliyoongoza. Ni Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ambayo miji mingi huitegemea kwa chakula. Mkoani Iringa, zaidi ya nusu ya watoto walikutwa na udumavu.

Hapo tatizo si ghala tupu. Mahindi, maharage na viazi vipo. Sababu za udumavu ni nyingi, yakiwamo maradhi ya mara kwa mara na mzigo wa kazi unaomwelemea mama. Lakini mojawapo imo ndani ya bakuli la mtoto kuanzia miezi 6, wakati maziwa ya mama pekee hayatoshi tena na chakula cha nyongeza kinapaswa kuanza.

Njia za kuanza ni tofauti. Walio wengi huanza na uji wa mahindi. Wengine hununua unga wa lishe. Wapo wanaoponda chakula cha familia, na wapo wanaomwachia mtoto ashike mwenyewe kipande laini cha parachichi au kiazi kitamu kilichoiva. Ubishi kuhusu njia iliyo bora hauishi, bibi akisema hili na kliniki ikisema lile. Ukweli ni kwamba kila njia inaweza kumkuza mtoto, na kila njia ina mahali inapoharibikia.

Uji mwepesi wa mahindi matupu hujaza maji katika tumbo dogo. Unatakiwa uwe mzito, uongezwe maziwa, yai au karanga zilizosagwa. Ukizidi uzito, unga kidogo wa kimea huulainisha bila kuongeza maji, kisha uji huchemshwa tena.

Kuhusu unga wa lishe, imejengeka imani kwamba ukiwa na nafaka za aina nyingi ndipo unapokuwa bora. Mahindi, mtama, ulezi na ngano zote ni nafaka. Kuzirundika pamoja hakuzibi pengo la protini. Nafaka moja na aina moja ya jamii ya kunde, zikiandaliwa vizuri, zinatosha kuwa msingi. Aidha, soya isagwapo mbichi huwa na viini vinavyouzuia mwili kutumia protini yake, hivyo ni lazima ichemshwe au ikaangwe kwanza.

Hatari kubwa zaidi ni sumukuvu, inayotokana na ukungu kwenye mahindi na karanga. Kupika uji hakuiondoi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu karibu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja ya mahindi. Mtoto anayekula uji wa unga huo huo asubuhi na jioni ndiye anayebeba mzigo mkubwa kuliko mwili wake.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayefungasha unga wa lishe hana budi kujua anasaga nini. Karanga zilizosinyaa, zilizovunjika au zenye ukungu hununuliwa kwa bei ya chini, na kishawishi cha kuzifichia ndani ya unga ni kikubwa, kwa kuwa zikishasagwa hakuna jicho litakaloziona. Zichaguliwe na kutupwa. Mkulima naye aanike mazao juu ya turubai, si juu ya udongo, na asiyaweke ghalani kabla hayajakauka.

Njia ya chakula cha familia ndiyo rahisi kwa mkulima, kwani haihitaji kununua pakiti. Lakini nayo hushindwa pale mayai, maziwa na maharage yanapopelekwa sokoni yote, nyumbani kukabaki mahindi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 ale kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama mayai, samaki au nyama, pamoja na mboga na matunda, huku akiendelea kunyonya.

Hakuna anayemtaka mkulima asiuze. Ada ya shule na mbolea havilipwi kwa maharage. Lakini hesabu ya mavuno inayoanza na mbegu ya msimu ujao ingeweza pia kuanza na debe la maharage la mtoto na kuku wawili watatu wa mayai yasiyouzwa. Baba na mama wakae wapange hilo pamoja, kabla gari la mnunuzi halijafika. Mavuno yakiharibika, msimu mwingine utakuja. Miaka 2 ya mwanzo ya mtoto haina msimu wa pili.