Mtoto Aliyerudi Kutoka Lusaka

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza habari za lishe, usafi na malezi. Leo naomba ruhusa ya wasomaji nieleze jambo lililomo nyumbani mwangu. Mwanangu wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, alimaliza dawa za saratani miezi mitano iliyopita. Naandika kwa kuwa najua wapo wenzangu, hasa wake wa askari, wanaolea mtoto wa namna hii huku baba yuko kikosini.

Maradhi yake ni yale yanayoota tayani. Daktari mpasuaji Denis Burkitt aliyaona kwa watoto katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1957, akayaandikia mwaka uliofuata, nayo yakapewa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kiasi cha kilomita 16,000 barani Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Ikadhihirika kwamba maradhi haya hufuata nchi za joto na mvua, ambako malaria haikatiki. Basi sisi wa Nchelenge, tunaolala kando ya Ziwa Mweru pamoja na mbu wake, tusistaajabu. Mwaka 1964 wataalamu wa Uingereza waligundua kirusi ndani ya uvimbe huo, lakini kirusi hicho karibu kila mtu anacho tangu utotoni. Majirani wanaowakataza watoto wao kucheza na wangu wanamwadhibu bure, kwani saratani haiambukizi.

Uvimbe huu huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo sababu hukua upesi, na ndiyo sababu dawa huuyeyusha upesi vilevile. Taya la mwanangu lilinywea kabla ya juma la kwanza kwisha. Hapo ndipo penye hatari. Bibi zake walioko Kisiwa cha Kilwa wakatuma salamu: mtoto amepona, mrudisheni. Wodini niliona vitanda vikibaki vitupu kwa sababu hiyohiyo, mama amekwenda zake kwa kuwa uvimbe hauonekani tena na watoto wengine wanamngoja nyumbani. Siwalaumu; toka Lusaka hadi kwetu ni kilomita 1,000 hivi, na nauli si mchezo. Lakini kisichoonekana kwa macho bado kimo mwilini, na sisi tulikaa hadi dawa ya mwisho.

Sasa imebaki kazi isiyo na sindano. Nywele zimeota, hamu ya chakula imerudi. Mimi ndiye nisiyelala. Hapa homa ni jambo la kawaida, na kila homa yake hunikata maini. Daktari alitueleza kwamba uvimbe huu ukirudi, aghalabu hurudi ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo kliniki hatuikosi. Homa ikimpata, siku hiyohiyo tunakwenda kupima damu, hatubahatishi vidonge vya nyumbani. Chandarua ni kila usiku.

Kila jioni nilikuwa nampapasa taya, mpaka akaanza kunikwepa. Tumepatana sasa: nitamshika Jumapili tu, akisha kuoga. Nikijisahau hunikumbusha, "Mama, leo si Jumapili." Baba yake naye, akipiga simu, swali lake la kwanza lilikuwa "Taya?" Nimemwomba aulize habari za shule kwanza.

Wa kuangaliwa zaidi, kwa maoni yangu, ni dada yake. Alikaa kwa bibi muda wote tulipokuwa Lusaka, na majuzi alisema heri na yeye angeugua. Sikumkaripia. Siku hizi Jumamosi ni yake. Tunakwenda sokoni wawili tu.

Juma lililopita kijana aliomba kwenda ufukoni Kashikishi na wenzake, mitumbwi inaporudi na dagaa. Niliwaruhusu yeye na dada yake, warudi kabla ya jua kali. Walirudi saa tano, wananuka samaki, wakidai uji.