Vijana Wanaookota Plastiki: Je, Wajibu Umetuondokea Sisi Wengine?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Masahaba zake.

Kila mwaka mwezi wa Septemba, ikifika Siku ya Usafi Duniani, vijana wa Tanzania, Bara na Visiwani, huingia mitaani na fukweni na magunia, wakaokota chupa, mifuko na ndara zilizokatika. Wapo wazazi wanaowaombea dua, na wapo wanaowaambia kuwa wanajidhalilisha kwa kazi ya wazoa taka. Suali linalotupasa kulijibu ni hili: wakishaokota wao, je, sisi wengine tumesalimika mbele ya Allah?

Kwanza tuitazame hali ilivyo. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, Kenya ikafuata 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Lakini chupa za maji na vikombe vya kutumia mara moja vimeendelea kujaa. Plastiki haiozi. Jua na mawimbi huikatakata vipande vidogo mno, samaki wakavila, na samaki ndiye kitoweo chetu.

Wala jambo hili si la watu wa pwani tu. Kingerikiti iko mbali na bahari, huko mkoani Ruvuma, upande wa Ziwa Nyasa. Hata hivyo, maji ya mvua ya Mbinga na Nyasa huteremkia ama Mto Ruvuma ama ziwani, na ziwa lenyewe hutoka kwa Mto Shire hadi Zambezi. Njia zote mbili mwisho wake ni Bahari ya Hindi. Anayetupa taka bondeni kule, na anayetupa mtaroni hapa Mjini, wote wanaitupia bahari moja.

Mwanzoni mwa 2019 lilifika Unguja jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa. Ni ufundi wa kusifiwa, lakini taka zetu zote hatutaweza kuzigeuza majahazi. Mabinti wawili wa kisiwa cha Bali, Indonesia, walilifahamu hilo. Walianza 2013 wakiwa na miaka 10 na 12, na hawakuishia kuokota: walidai mifuko yenyewe ikatazwe, na 2019 kisiwa chao kikaikataza.

Ama hukumu yake, Mtume (S.A.W.) amehesabu kuondoa udhia njiani kuwa ni katika matawi ya imani, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim. Basi kijana anayeinama kuokota chupa kwa nia njema yumo ibadani, na asidharauliwe.

Kusafisha taka zilizokwisha kuenea tunakuona ni mfano wa fardhi kifaya: wakisimama wa kutosha, wengine huondokewa na lawama. Lakini kujizuia kutupa ni wajibu wa kila mmoja wetu, na hapana anayembebea mwenziwe. Kanuni ya sharia ni kuwa madhara hayaruhusiwi, na anayeyasababisha ndiye mwenye dhima.

Kwa hivyo tunanasihi:

1. Kamati za misikiti ziache kugawa chupa moja moja kwenye futari. Jagi na vikombe vya kuosha vinatosha. Na iwe hivyo hivyo katika harusi na maulidi.

2. Wazazi wawape vijana glavu na viatu, na wasiwaache watoto wadogo waokote vigae na sindano.

3. Wenye maduka na mahoteli wachangie gari ya kupeleka magunia jaani. Taka zikiachwa ufukweni, maji yakijaa huzichukua tena.

4. Masheha na maimamu wawasikilize vijana wanapodai hatua zaidi.

Tusiwaachie watoto wetu kuinama nyuma yetu hali ya kuwa sisi tunaendelea kutupa.

Wallahu aalam.