Harufu ya Nguo za Dobi

Makoti na majoho tunayopeleka kwa dobi wa drai klin hayafuliwi kwa ukavu, kama jina linavyodai. Hutoswa katika perkloroethilini, kiowevu kisicho rangi, kizito kuliko maji, kiyeyushacho mafuta bila ya kuharibu sufi wala hariri. Hakishiki moto kwa urahisi, ndiyo maana madobi walikipenda.

Ile harufu tamutamu ndani ya mfuko wa nailoni ndiyo chenyewe. Mvuke wake, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutuama chini, pale anapotambaa mtoto. Huleta kizunguzungu, hudhuru ini na figo. Na tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekihesabu miongoni mwa vinavyoelekea kuleta maradhi hayo. Kimwagikapo hupenya ardhini: huko Chillum, Maryland, kilikutwa katika maji ya chini ya ardhi.

Desemba 2024 serikali kuu iliagiza madobi wakiache katika muda wa miaka 10. Muda mrefu huo kwa vijana wetu wafanyao kazi penye mashine hizo! Basi vueni mifuko nje, nguo zipigwe upepo kabla ya kuingia kabatini, wala zisikae garini pamoja na watoto. Kanzu ya pamba yatosha maji na sabuni.