Hewa ya Ziwani si Uchawi

Mwezi wa Mei mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulipolipuka na wakazi wengi wa Goma wakaamriwa kuhama, habari ile ilitufikia Rukwa ikiwa imekwisha kutiwa chumvi njiani. Ilipofika Kipili na visiwa vilivyo mkabala wake, ilikuwa habari nyingine kabisa: kwamba ziwa la Kivu litapasuka usiku, na kwamba Tanganyika nalo litafuata, kwa kuwa hupokea maji ya Kivu kwa njia ya mto Ruzizi. Wavuvi waliniuliza kama ni kweli. Swali lao lilikuwa la haki, na jibu limechelewa mno.

Ziwa kutoa hewa inayoua si hadithi. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, ziwa la Nyos huko Kameruni, lililo katika shimo la volkano, lilitoa ghafla wingu kubwa la hewa ya ukaa, ile ile tuitoayo puani kila tupumuapo. Hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Ikateremka mabondeni mithili ya maji, ikawakuta watu majumbani mwao. Walikufa watu wapatao 1,700 na maelfu ya mifugo, wengine umbali wa kilomita 25 kutoka ziwani. Nyumba zilibaki zimesimama. Miaka miwili kabla, mwezi wa Agosti 1984, ziwa jingine la nchi hiyo, Monoun, liliua watu 37, na kwa kuwa sababu haikujulikana, wako walioshuku hujuma.

Sababu yenyewe yaeleweka na mtoto wa shule. Hewa hupanda kutoka chini ya volkano, ikayeyuka katika maji ya kilindini, na uzito wa maji ya juu huizuia isitoke. Maji hayo yakitibuliwa, hufoka kama chupa ya soda iliyotikiswa kisha ikafunguliwa. Tangu mwaka 2001 bomba limewekwa Nyos kuyapandisha maji ya chini ili hewa itoke kidogo kidogo.

Kivu ni jambo zito zaidi. Kilindini mwake mna kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa ya ukaa na 60 za methani, na Warwanda wamekwisha kuanza kuivuta methani hiyo kuzalisha umeme. Hata pasipo ziwa kupasuka, kandokando ya Goma yako mabonde madogo ambamo hewa hiyo hutuama na kuua. Wenyeji huiita mazuku.

Lakini Tanganyika si Kivu. Kina chake hufika mita 1,470, ila halina chini yake volkano ya kulijaza hewa namna hiyo, na maji yashukayo Ruzizi ni ya juu ya Kivu, si ya kilindini. Ziwa Rukwa nalo ni la kina kifupi, upepo hulikoroga. Ndugu zetu wa visiwani na walale, wahofu dhoruba.

Kwa upande wetu pa kuangaliwa ni Rungwe, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Sumbawanga. Hapo lipo ziwa Ngozi ndani ya shimo la volkano. Wataalamu waliolipima wamekuta maji yake yamechanganyika toka juu hadi chini, hivyo hewa hailimbikizani kama kule Nyos. Hata hivyo hewa ya ukaa hutoka ardhini wilayani humo kwa wingi kiasi cha kuvunwa na kuuzwa viwandani. Tunaweza kuiuza kwa mitungi, tukashindwa kubandika kibao cha onyo penye bonde inamotuama?

Nasema haya kwa sababu mtu asiyejua hewa hutafuta mchawi. Jina la mji wetu, watu husema, maana yake ni kutupa uchawi, tungali hatujautupa. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Ufipa, kijana aliteremka katika kisima kilichoachwa siku nyingi, hakupanda. Kaka yake akamfuata kumwokoa, naye hakupanda. Hawakuwa na jeraha. Mzee mmoja alishauri iteremshwe taa ya chemli. Ilizimika kabla ya kufika nusu. Jibu lilikuwa pale mbele ya macho yetu: hewa mbaya. Jioni yake ikavunjwa nyumba ya bibi mjane, jirani ya kisima. Mimi nilikuwa katibu wa tawi la Chama, niliiona taa ikizimika, na katika mkutano nilinyamaza. Maalim aliyenifundisha chuoni alituambia kuwa ajali ina saa yake. Hakutuambia kamwe kwamba saa hiyo hushikwa na ajuza wa jirani.

Afisa elimu hahitaji fungu la fedha kuwafundisha watoto jaribio la taa. Afisa mtendaji hangoji waraka kutoka Dodoma kufukia shimo. Wataalamu wa jiolojia, kwa upande wao, wawe wakilipima Ngozi kwa ratiba, na majibu yasomwe vijijini kwa Kiswahili.

Bibi yule alihamia kwa binti yake huko Laela, hakurudi. Kisima hakijafunikwa hadi leo.